Kupima kimeng'enya cha G6PD kwa mwanga: mwongozo kwa mtu wa maabara

Ukitaka kujifunza kupima utendaji wa vimeng'enya kwa mwanga, anza na G6PD (glukosi-6-fosfeti dehidrojenesi). Kipimo chake kinahitaji vitendanishi vichache, spektrofotomita inayosoma nanomita 340, na damu isiyofika hata mililita mbili. Hesabu yake ni ya kugawanya na kuzidisha tu. Halafu jibu lake lina mwenyewe: yuko mgonjwa, au mzazi mwenye mtoto mchanga wa manjano, anayesubiri kuambiwa kama dawa fulani itamfaa au itampasulia damu.

G6PD imo katika kila chembe nyekundu ya damu. Chembe hiyo haina kiini wala mitokondria, na njia yake ya kutengeneza NADPH, kinga yake dhidi ya sumu za oksijeni, ni kupitia kimeng'enya hiki. Mwenye upungufu wa G6PD anaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Siku akimeza dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa siku kadhaa mfululizo, au dapsoni, chembe zake zinapasuka kwa wingi, mkojo unakuwa mweusi na damu inashuka. Upungufu huu ni wa kurithi, umebebwa na kromosomu ya X, na umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekaa na watu kwa vizazi, Afrika Mashariki ikiwemo.

Jambo hili si la vitabuni tu. Dawa ya malaria iliyounganisha kloroproguanili na dapsoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiasi cha hatari.

Niseme pia pale ambapo kipimo hiki hakihitajiki. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inayotolewa kuzuia malaria ya falciparum isiambukizwe kwa mbu, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 itolewe bila kupima G6PD. Kwa hiyo usimcheleweshe mgonjwa wa namna hiyo. Kipimo kinahitajika kwa malaria ya vivax, ambayo ni kubwa Ethiopia na Pembe ya Afrika na ambayo tiba yake ya kuimaliza kwenye ini ni primakwini ya siku nyingi au tafenokwini ya mara moja. Kinahitajika kwa mtoto mchanga mwenye manjano isiyoeleweka, kwa mgonjwa anayeandikiwa dapsoni, na kwa mtu aliyewahi kupasukiwa damu ghafla bila sababu kujulikana.

Mwanga unaona nini

Kazi ya G6PD ni kuchukua hidrojeni kutoka kwenye glukosi-6-fosfeti na kuikabidhi NADP, ambayo inageuka kuwa NADPH. Kimeng'enya chenyewe hatukioni, na sukari ile haionekani. Lakini NADPH inafyonza mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, na NADP haiufyonzi. Hivyo kila molekuli inayogeuzwa inapunguza kidogo mwanga unaofika upande wa pili wa kuveti, na mashine inahesabu upungufu huo.

Aliyeifungua njia hii ni Otto Warburg, huko Berlin, miaka ya 1930. Kinachonivutia ni kwamba kimeng'enya alichokuwa akikichunguza, akakipata ndani ya chembe nyekundu za farasi, ni hiki hiki tunachokiita G6PD leo. Mwaka 1948 Horecker na Kornberg wakapima kwa uangalifu kiasi cha mwanga kinachofyonzwa: NADPH ya milimola 1 kwa lita, mwanga ukipita ndani yake sentimita 1, inatoa ufyonzaji wa 6.22. Namba hiyo ndiyo inayogeuza usomaji wa mashine kuwa kiasi cha kemikali. Ikariri.

Na mwaka 1956 Carson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba watu wanaopasukiwa damu kwa primakwini wamepungukiwa G6PD. Maarifa hayo yalitoka kwenye damu ya wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, waliopewa malaria na dawa kwa ajili ya utafiti. Nadhani kila anayefanya kipimo hiki anapaswa kujua kwamba kiligharamiwa na miili ya watu waliofungwa.

Kabla hujagusa mashine: damu

Makosa makubwa ya kipimo hiki hutokea kabla taa haijawashwa. Chukua damu ya mshipa kwenye chupa ya EDTA, iweke kwenye barafu au jokofu la nyuzijoto 4, isigande. Katika hali hiyo utendaji unakaa vizuri kwa siku chache. Chupa ikiachwa dirishani au kwenye boksi la pikipiki lisilo na barafu, kimeng'enya kinakufa taratibu, na utamwandikia mtu mzima upungufu asio nao.

Kisha uliza maswali mawili ambayo fomu nyingi hazina. La kwanza: mgonjwa ameongezewa damu hivi karibuni? Kama ndiyo, utakachokipima ni G6PD ya mtoaji. Chembe nyekundu inaishi siku zipatazo 120, kwa hiyo subiri kama miezi mitatu. La pili: je, ametoka kupasukiwa damu sasa hivi? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakati wa shambulio, chembe kuukuu zenye kimeng'enya kidogo ndizo zinazopasuka kwanza. Zinazobaki ni changa, na changa zina G6PD nyingi zaidi. Ukipima siku hizo unaweza kupata jibu la kawaida kwa mtu mwenye upungufu, akaruhusiwa dawa ile ile iliyomlaza. Jibu la kawaida wakati wa shambulio halimwachilii mtu. Mwandikie arudi baada ya miezi mitatu.

Chembe nyeupe nazo zina G6PD tele. Zungusha damu kwenye sentrifuji, ondoa plazima pamoja na ule utando mweupe unaokaa juu ya chembe nyekundu, kisha osha chembe mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopoa. Maabara yenye safu ya selulosi ya kuchujia chembe nyeupe ifanye hivyo, ni bora zaidi. Usipoichuja vizuri, sampuli yenye upungufu mkubwa itaonyesha uhai kidogo ambao si wake.

Sasa zipasue chembe zenyewe. Changanya sehemu 1 ya chembe zilizooshwa, zikiwa zimerudishwa kwenye maji ya chumvi hadi ujazo wa chembe uwe karibu nusu, na sehemu 19 za myeyusho wa kulinda wenye EDTA, merkaptoethanoli na NADP kidogo. Merkaptoethanoli inanuka vibaya na ina sumu, ifungulie chini ya kofia ya kuvutia hewa. Gandisha mchanganyiko huo, uyeyushe, uuweke kwenye barafu. Unachokipata, hemolaiseti, kitumie siku hiyo hiyo. Na kutoka kwenye hemolaiseti hiyo hiyo, pima himoglobini. Usichukue himoglobini ya mgonjwa kutoka kwenye jibu la asubuhi la kipimo cha damu nzima, kwa sababu ile ni ya damu ambayo hujaiosha wala kuipunguza.

Mchanganyiko

Utaratibu ninaoupendekeza ni ule wa mtafiti wa damu Beutler, ambao maabara nyingi za damu zimejenga njia zao juu yake. Katika kuveti ya mililita 1 weka maikrolita 100 za bafa ya Tris ya mola 1 yenye EDTA, pH 8.0, maikrolita 100 za kloridi ya magnesi ya milimola 100, maikrolita 100 za NADP ya milimola 2, maikrolita 580 za maji safi, na maikrolita 20 za hemolaiseti. Acha nafasi ya maikrolita 100 za glukosi-6-fosfeti ya milimola 6. Hiyo inaingia mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayoanzisha kazi.

Andaa na kuveti ya pili iliyo sawa kwa kila kitu isipokuwa glukosi-6-fosfeti. Mahali pake weka maji. Hii ndiyo itakayokuambia kama kuna kitu kingine ndani ya damu kinachotengeneza NADPH chenyewe, au kama taa ya mashine inayumba.

Zile maikrolita 20 zinastahili heshima kuliko kitu chochote katika orodha hiyo. Pipeti ikikosea maikrolita 1 tu, jibu lako limekosea asilimia 5. Njia ya kuihakiki ni rahisi: weka chombo kidogo juu ya mizani ya maabara, pima maji ya maikrolita 20 mara kumi, na kila mara soma uzito. Maikrolita 20 za maji ni miligramu 20. Zikija 18 au 22, pipeti hiyo iende kwa fundi. Unapochukua hemolaiseti, futa nje ya ncha kwa karatasi laini, kwa kuwa tone linaloning'inia nje linaingia nalo kwenye kuveti. Kisha suuza ncha ndani ya mchanganyiko mara mbili tatu, hemolaiseti ni nzito na hupenda kubaki ndani ya plastiki.

NADP na glukosi-6-fosfeti zilizoyeyushwa hazidumu. Zigawe kwenye vichupa vidogo, zigandishe, na uyeyushe kile utakachokitumia siku hiyo tu. Kuyeyusha na kugandisha chupa moja mara nyingi kunaipunguza nguvu bila kubadili sura yake, na hutalijua hilo kwa kuitazama.

Kuhusu kuveti, maelezo ni mafupi. Za plastiki nyingi zinapitisha mwanga wa 340. Chini ya nanomita 300 ungehitaji za kwatzi. Zishike kwa pande zenye mikwaruzo, zile safi ziache kwa ajili ya mwanga. Kiasi cha myeyusho kifike juu ya mahali mwanga unapopita, na hilo hutofautiana mashine na mashine.

Joto

Kasi ya vimeng'enya vingi hukaribia kuwa maradufu joto linapopanda nyuzi 10. Maana yake ni kwamba sampuli moja, ikisomwa Julai asubuhi kwenye chumba cha baridi Arusha na ikasomwa tena Februari mchana Dar es Salaam bila kiyoyozi, itatoa majibu mawili ambayo mganga atayachukulia kama ya watu wawili. Kipimo hiki kifanyike kwa nyuzijoto 37. Kama mashine yako ina kishikio cha kuveti chenye joto, kiwashe nusu saa kabla na uhakiki kwa kipimajoto kidogo kilichotumbukizwa ndani ya kuveti yenyewe, maana namba iliyoandikwa kwenye kioo cha mashine ni ya chuma, na maji yaliyomo ndani huchelewa. Kama haina, pasha kuveti na glukosi-6-fosfeti kwenye maji ya nyuzijoto 37 kwa dakika 10, na kila jibu liandikwe pamoja na joto halisi lililosomwa. Mashine isiyotunza joto inaweza kutumika kulinganisha sampuli za siku moja zilizosomwa pamoja na damu ya mtu mzima. Kutoa namba ya peke yake kwa mgonjwa, isitumike.

Kusoma mstari

Huu ndio moyo wa kazi. Unachokitafuta ni kasi, na kasi haionekani kwa kusoma mara moja. Ukiambiwa basi liko Chalinze hujui linakwenda kwa mwendo gani. Sharti uambiwe lilikuwa wapi dakika kumi zilizopita. Vivyo hivyo, ufyonzaji wa 0.45 peke yake hauna maana yoyote katika kipimo hiki. Sehemu kubwa ya 0.45 hiyo ni himoglobini, ambayo nayo inafyonza mwanga wa 340. Uzuri ni kwamba himoglobini haiongezeki ndani ya kuveti. Inayoongezeka ni NADPH. Kwa kufuatilia ongezeko badala ya kiwango, unaiacha himoglobini nyuma.

Mimina zile maikrolita 100 za glukosi-6-fosfeti, funika kuveti kwa parafini ya maabara, igeuze taratibu mara tatu, irudishe kwenye mashine. Usiitikise, povu likikaa njiani mwa mwanga namba zitarukaruka. Anza kusoma kila dakika, au kila sekunde 30 kama mashine inaruhusu, kwa muda wa dakika 6 hadi 10.

Tuseme umepata hivi, dakika kwa dakika: 0.412, 0.416, 0.424, 0.431, 0.439, 0.446, 0.454. Zichore kwenye karatasi ya mraba hata kama mashine ina programu yake. Utaona dakika ya kwanza imepanda 0.004 tu, kisha kuanzia hapo kila dakika inapanda 0.007 au 0.008. Ile ya kwanza ni muda wa myeyusho kukaa sawa na joto kurudi, haihesabiwi. Chukua kipande kilichonyooka: kutoka 0.424 hadi 0.454 ni 0.030 kwa dakika 4, yaani 0.0075 kwa dakika. Mtu anayechukua namba ya mwisho kutoa ya kwanza na kugawa kwa sita anapata 0.0070. Mwishoni mwa hesabu, tofauti hiyo inamshusha mgonjwa kutoka yuniti 8.0 hadi 7.5, na hakuna kilichobadilika kwenye damu yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Toa kwanza mwinuko wa kuveti isiyo na glukosi-6-fosfeti. Katika mfano huu tuseme haikusogea. Gawa 0.0075 kwa 6.22: unapata mikromola 0.001206 za NADPH kila dakika ndani ya mililita 1. Hizo zimetengenezwa na maikrolita 20 za hemolaiseti, yaani mililita 0.02, kwa hiyo gawa kwa 0.02: yuniti 0.0603 kwa mililita moja ya hemolaiseti. Kama hemolaiseti hiyo ina gramu 0.0075 za himoglobini kwa mililita, gawa tena: yuniti 8.0 kwa gramu ya himoglobini. Yuniti moja ni mikromola moja inayogeuzwa kwa dakika.

Tazama jinsi mabadiliko yenyewe yalivyo madogo. Kazi nzima imesimama juu ya tofauti ya sehemu tatu za mia za ufyonzaji. Mashine ambayo usomaji wake unayumba 0.005 ikiwa imetulia haiwezi kufanya kazi hii kwa sampuli yenye upungufu, ambayo mwinuko wake unaweza kuwa 0.001 kwa dakika. Kabla ya kuanza, weka kuveti yenye maji na bafa tu, isome kwa dakika 10, uone inatulia kiasi gani.

Mstari unapopinda

Mstari ukianza kulala kabla ya muda, maana yake kitu fulani kinaisha. NADP yote ya milimola 0.2 ikigeuka, ufyonzaji utakuwa umepanda 1.24 na hauwezi kupanda zaidi. Ukiwa ndani ya sehemu ya kumi ya mwanzo ya kiasi hicho, uko salama. Sampuli ikikimbia kuliko hapo, ipunguze kwa myeyusho wa kulinda na uanze upya. Kuchagua kipande kizuri kwenye mstari mbaya ni kujidanganya.

Mstari ukipinda kwenda juu, yaani kasi ikizidi kuongezeka, mshuku jirani. Zao la kazi ya G6PD huishia kuwa 6-fosfoglukoneti, na ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kingine kinachoichukua hiyo na kutengeneza NADPH nyingine. Kwa hiyo unaweza kuwa unapima vimeng'enya viwili ukidhani ni kimoja, na kasi ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Njia ya kutenganisha ni kuwa na kuveti moja yenye glukosi-6-fosfeti na 6-fosfoglukoneti kwa pamoja, na nyingine yenye 6-fosfoglukoneti peke yake. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Inayobaki ni G6PD. Maabara nyingine hazifanyi hivyo, zinasoma dakika za mwanzo na kuridhika. Zote mbili zinakubalika mradi maabara ishike njia moja na viwango vyake vitokane na njia hiyo. Usichukue kiwango cha kawaida kwenye kitabu cha njia moja ukakitumia kuhukumu majibu ya njia nyingine.

Na uko mtihani mmoja ambao ukiufanya mara kwa mara utakuepusha na mengi. Punguza hemolaiseti nusu: badala ya maikrolita 20 weka 10, na maji 590. Mwinuko ushuke nusu, kutoka 0.0075 hadi karibu 0.0037. Ukishuka nusu, basi kinachopimwa ni kimeng'enya cha sampuli. Usiposhuka, kuna kitu kingine kinachosukuma au kinachozuia: kitendanishi kilichoisha nguvu, joto lisilotulia, povu, au taa. Ningependa mtihani huu ufanywe kila kitendanishi kipya kinapofunguliwa, na kila mwanafunzi mpya anapokabidhiwa mashine.

Sambamba na hilo, kila kundi la sampuli liende pamoja na damu mbili unazozijua: moja ya mwanaume mzima asiye na upungufu, nyingine ya mwenye upungufu, au vifaa vya kudhibiti vya dukani kama bajeti inaruhusu. Zikitoka nje ya kawaida yake, majibu yote ya kundi hilo yasitoke.

Mashine isiyofika 340

Vituo vingi vina kolorimita za zamani zinazoanzia nanomita 400. Hapo usilazimishe. Ipo njia ya kuunganisha NADPH na chumvi ya tetrazoli inayogeuka rangi inapopokea elektroni, ambayo inasomeka kwenye mwanga wa kawaida. Inahitaji mstari wa viwango wa kwako mwenyewe, kwa sababu ile 6.22 haitumiki tena, na vitendanishi vyake vifunikwe kwa karatasi ya alumini visipigwe na mwanga.

Njia nyingine ni doa linalong'aa, ambalo Beutler na Mitchell walilieleza mwaka 1968. Tone la damu na vitendanishi linawekwa kwenye karatasi ya chujio, likikauka linamulikwa kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365 gizani. NADPH inang'aa, damu yenye upungufu haing'ai. Ni rahisi, ni haraka, na kwa mwanaume inatosha mara nyingi, kwa sababu mwanaume ana X moja: ama anayo G6PD ya kutosha ama hana.

Kwa mwanamke haitoshi. Mwanamke aliyerithi nakala moja yenye kasoro ana chembe za aina mbili zilizochanganyika, kwa kuwa kila seli huzima X moja. Jumla ya utendaji wake inaweza kuwa popote, kutoka chini kabisa hadi kawaida. Doa linanasa walio chini ya asilimia 30 hivi. Mwenye asilimia 45 atang'aa na kuandikwa mzima. Huyu ndiye ambaye tafenokwini, dawa isiyoweza kutolewa mwilini ikishamezwa na inayokaa kwa wiki nyingi, inaweza kumdhuru. Masharti ya dawa hiyo ni utendaji wa zaidi ya asilimia 70. Kumpata mwanamke huyu ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na mstari, joto na pipeti.

Asilimia ya nini?

Asilimia hizo zinahitaji mia moja yake, na mia moja hiyo inatoka kwenye maabara yako. Pima wanaume wa eneo lako wa kutosha, tafuta kipimo cha katikati. Ondoa wale walio chini ya asilimia 10 ya kipimo hicho, kisha tafuta tena cha katikati kwa waliobaki. Hiyo ndiyo asilimia 100 yako. Ikiwa ni yuniti 8.0 kwa gramu, basi asilimia 70 ni 5.6 na asilimia 30 ni 2.4. Ukibadilisha mashine, bafa au njia, rudia zoezi lote.

Mantiki hii utaikuta kwingine. Kipimo cha Ellman cha mwaka 1961, kinachotumika kuangalia kama mpuliziaji wa dawa za shambani ameathiriwa na organofosfeti, kinafuatilia rangi ya njano kwenye nanomita 412. Fosfatesi ya alkali inafuatiliwa kwenye 405. Rangi na namba ya kugawia vinabadilika. Kuveti ya kulinganisha, joto, mstari ulionyooka na mtihani wa kupunguza sampuli nusu vinabaki vile vile.

Unapotoa jibu, usiandike "kawaida" au "upungufu" peke yake. Andika yuniti kwa gramu ya himoglobini, asilimia, joto la kipimo, njia iliyotumika, na kama mgonjwa aliongezewa damu au yuko kwenye shambulio. Ambatanisha grafu ya mstari, au uihifadhi mahali ambapo mwenzako ataipata mganga akipiga simu kuuliza. Na kama mstari haukunyooka mara mbili mfululizo, usikadirie: mwandikie mganga kwamba kipimo hakikufaulu, na uombe damu nyingine.